Mkwe wa Ufukweni, Nemba

Sisi watu wa Biharamulo bahari tunaijua kwenye kalenda. Kila mwaka kuna ukurasa mmoja wenye maji ya buluu na mnazi ulioinama, na mwaka ukiisha mtu hukata ile picha akaibandika sebuleni juu ya kochi, basi, naye ana bahari yake. Mimi mwenyewe ninayo. Kwa hiyo Wiston aliposimamisha pikipiki stendi ya Biharamulo akakuta kibao kipya kimepigiliwa kwenye nguzo, alikisoma, akavua helmeti, akakisoma tena.

JOVITHA BICHI HOTELI. UFUKWENI KABISA. NEMBA. BIASHARA YA FAMILIA. HATUNA MAMBA.

Mtu mwingine angecheka akaenda zake. Wiston alijiuliza swali la kikazi: huyu Jovitha ni nani, na je, yuko nyumbani?

Maana kazi ya Wiston ilikuwa ukwe. Wapo maseremala, wapo wachoma mkaa, yeye alikuwa mkwe. Alitafuta nyumba yenye binti aliye mbali, akafika amechomekea shati, kilo ya sukari mkononi, akasema yeye na binti wamekubaliana huko huko mbali na sasa amekuja kuwaona wazazi. Na simu je? Aliwaambia binti kaibiwa simu, ndiyo maana kamtuma yeye. Ukishangaa kwamba watu waliamini, basi hujawahi kuwa na binti aliyefikia umri wa kuolewa halafu haolewi. Kuku alichinjwa. Kuku walipoanza kupungua na maswali kuongezeka, Wiston aliaga kwenda kuwaleta wajomba zake, na wajomba hao mpaka leo wako njiani. Alishakuwa mkwe Mugoma. Alishakuwa mkwe Bugarama mara mbili, katika nyumba mbili zinazotazamana. Tumbo lake lilikuwa limeoa nusu ya Ngara. Mwenyewe alilala peke yake.

Kitu kimoja tu katika maisha yake alikipata kwa jasho, nacho ni ile pikipiki. Aliichimbia kwenye mashimo ya dhahabu mpaka mgongo ukagoma. Ilikuwa nyekundu, na kwenye kibao cha nyuma aliandikisha USINIHUKUMU. Aliifuta asubuhi kabla hajanawa uso. Ukitaka kumuumiza Wiston, usimtukane mama yake. Egemea ile pikipiki.

Mbele ya kile kibao palikuwa na mama anauza chai, jina lake Petronila, mnene, mpole, mwenye macho ya mtu anayejua riziki yake inatoka wapi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ya rangi au ya maziwa?"

"Ya maziwa, na chapati. Mama, huyu Jovitha wa kwenye kibao ni mtu au ni bichi tu?"

"Ni mtu. Binti wa Mzee Protasi. Hoteli wameipa jina lake."

"Yupo huko Nemba?"

Petronila akageuza chapati kwanza. "Alikwenda Kahama kwenye biashara."

"Ana mchumba?"

"Wanaokuja ni wengi," akasema Petronila na kuhema. "Wa kumaliza ndiye hakuna."

"Mama," akasema Wiston, akifuta mafuta mdomoni, "leo umemwona wa kumaliza."

"Haya mwanangu. Nenda polepole, njia ina mchanga. Pikipiki nzuri hiyo."

Wiston aliona amependwa. Alikuwa amechoka na ukwe wa mashambani, wa kulala kwenye mikeka na kuamshwa na mbuzi. Sasa alitaka ukwe wa kupumzika. Wakubwa huenda likizo ufukweni. Kwa nini mkwe asiende?

Ufukwe ulikuwepo. Tusiseme uongo, ulikuwepo. Zamani lilikuwa lambo, limechimbwa ng'ombe wanywe, na kwa kweli bado ng'ombe walikunywa, upande wa pili. Upande wa huku Mzee Protasi alikuwa amemwaga mchanga wa mtoni, akasimika miavuli miwili ya matangazo ya soda na benchi lililostaafu kanisani. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, yenye maziwa mengi kuliko ile ya Petronila. Upepo ulivuma kutoka majini kama inavyotakiwa ufukweni, ukaleta habari zote za ng'ombe. Kibao kingine kilisema: MARUFUKU KUOGELEA NG'OMBE WAKINYWA.

Nyuma ya mchanga palikuwa na vyumba vitatu vya tofali vinavyotazama maji, na kila mlango una jina kwa rangi nyeupe: THEONEST. GIDIONI. MINANI. Wiston alihesabu mashemeji watatu, akafurahi. Nyumba yenye wanaume wengi haikosi nyama.

Mzee Protasi alikuwa amekaa chini ya mwavuli. Wazazi wake walivuka mpaka kutoka Burundi enzi hizo za matatizo; yeye akazaliwa Nemba, akalima Nemba, na uzeeni akaota bahari akiwa hapo hapo Nemba. Pembeni yake jitu moja la mabega, Hategekimana, lilikuwa linapigilia uzio.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Chumba?"

"Hapana baba. Mimi si mteja." Wiston akapiga goti moja mchangani, goti lililozoea. "Mimi ni mwanao. Mimi na Jovitha tumekubaliana."

Nyundo ya Hategekimana ikanyamaza. Mwanamke mmoja mfupi, mweusi, ana mtoto mgongoni, alikuwa anakuja na jagi la maji, akasimama palepale.

"Mama Akimana, mpe mgeni maji," akasema Protasi taratibu. "Mmekubaliana wapi, mwanangu?"

"Kahama. Tangu mwaka jana. Kaibiwa simu, ndiyo maana kanituma mwenyewe. Analia kwa kuwakumbuka."

"Maskini," akasema yule Mama Akimana. "Na yukoje siku hizi?"

Swali kama hilo halikumtisha Wiston. Mabinti walio mbali siku zote wana sura moja. "Kapendeza, shemeji. Mrefu vile, mweupe, na ule mwanya wake. Akicheka anaziba mdomo."

Mama Akimana akaziba mdomo. Akageuka akakimbilia jikoni, mabega yanatetemeka, na Wiston akaguswa sana kuona jinsi wanavyopendana katika familia hii.

"Ndiye huyo huyo," akasema Protasi, akavua kofia. "Umemweleza kama alivyo. Sasa mwanangu, kwetu maneno hayaingii ndani peke yake. Umeshika nini mkononi?"

"Sukari, baba."

"Sukari ni ya chai. Nauliza kishika uchumba. Anayekuja bila kishika uchumba sisi tunamwita mteja, na mteja analipia chumba."

Wiston hakuwa na hela ya chumba, na chapati yenyewe alikuwa ameilipia kwa shida. Akatazama huku na huku. Halafu akili yake, ambayo ilimlisha miaka yote, ikamnong'oneza: ufunguo wa akiba uko kwenye soksi. Ukiondoka, unaondoka nayo. Kuna hasara gani?

"Baba," akasema kwa sauti ya mtu anayetoa figo, "Jovitha kwangu ni zaidi ya chuma. Chukua pikipiki."

Protasi akaita majirani wawili waliokuwa wananywesha ng'ombe wawe mashahidi, akasema mila mbele yao, neno kwa neno. "Wazazi wakikataa kutoa binti, kishika uchumba kinarudi. Mwanaume akivunja, kinabaki. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Hategekimana, iingize ndani."

"Ndani wapi, baba?" akauliza Wiston.

"Chumbani kwa mama mkwe wako. Ndiyo sehemu salama kuliko zote hapa."

Hapo Wiston aliona hesabu yake imeharibika. Maana huku kwetu mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso, na chumba cha mama mkwe ni mahali ambapo mkwe haweki mguu hata nyumba ikiungua. Mwizi wa pikipiki akikamatwa hupigwa. Mkwe akikamatwa chumbani kwa mama mkwe hata kupigwa hapigwi. Watu wanasogea pembeni kumwachia Mungu nafasi. Ufunguo ndani ya soksi ukaanza kumwasha.

Basi, likizo ikaanza.

Usiku ule Wiston alichukua kimfuko chake akaelekea chumba kilichoandikwa GIDIONI, ambamo alikuwa ameshaona kitanda chenye neti. Hategekimana akamshika bega.

"Shemeji, wapi?"

"Kulala."

"Kile kipo kwenye paa moja na jiko. Jiko ni la mama mkwe. Mkwe halali paa moja na mama mkwe."

"Na hiki cha Minani?"

"Kinatazama mlango wake."

"Theonest?"

"Theonest kiko upande wa jua linakotua, na mama mkwe akitoka asubuhi kivuli chake kinaangukia pale." Hategekimana akamsikitikia kwa dhati. "Njoo. Stoo ya mahindi haina ubaya wowote."

Nilizaliwa huku na nimeoa huku, na nusu ya mila nilizosikia zilitumika pale Nemba sikuwahi kuzisikia kabla. Nadhani Mzee Protasi alizitunga jioni akiwa anasikiliza redio. Lakini Wiston angebisha vipi? Yeye ndiye aliyekuja kwa mila.

Mila ilisema mkwe hali mbele ya wakwe. Akala nyuma ya jiko ameelekea ukuta. Mila ilisema kuku wa mkwe huchinjwa siku ya mahari, kabla ya hapo ni maharage. Kuogelea hakukuwezekana, maana mkwe havui shati mahali ambapo mama mkwe anaweza kutokea, na hoteli nzima ilikuwa mahali ambapo mama mkwe anaweza kutokea. Alikaa mchangani amefunga vifungo mpaka shingoni, akatazama madereva wa malori ya Rusumo wakiruka majini na chupi zao, wakicheka. Hata madereva wale walilalamika kwamba samaki wa baharini kwenye menyu ni kambale, na kwamba shuka linanuka kama ndama. Wiston aliwasikia kwa wivu. Angetoa meno mawili kulala kwenye shuka lenye harufu ya ndama.

Mama mkwe mwenyewe, Mama Dafroza, hakumwona hata unyayo. Alimsikia tu asubuhi, sauti nyembamba nyuma ya ukuta: "Mkwe wangu amerara salama?"

"Salama, mama," alijibu Wiston, akikuna mahindi shingoni.

Jumapili ndiyo ilikuwa mbaya. Mzee alitoa pikipiki kumpeleka mama kanisani. "Mkwe, geukia ukutani, mama yako anapita!" akaita Hategekimana, na Wiston akageuka, akasimama kama mwanafunzi aliyechelewa, akaisikia pikipiki yake ikipita nyuma ya mgongo wake. Akaitambua kwa mlio kwamba wanaipandisha mlima kwa gia ya tatu. Machozi yalimtoka. Mama Akimana alipita na ndoo, akamwambia, "Pole shemeji. Kumkumbuka mtu ni kazi."

Na kazi yenyewe ilikuwepo. Mkwe huwasaidia wakwe, hiyo mila hata mimi ninaijua. Alichota mchanga mtoni. Alisiliba ukuta. Alitoa magugu lamboni akiwa amevaa shati. Halafu Mzee Protasi akasema hoteli imekua, inahitaji choo kipya cha wageni, chenye shimo refu, na mtu aliyewahi kuchimba dhahabu asingepata shida. Nani aliwaambia kwamba alichimba dhahabu? Yeye mwenyewe, kwa kujisifu, siku ya kwanza.

Walichimba wawili, yeye na Hategekimana, na humo shimoni ndimo walipozoeana.

"Wewe ni nani hasa hapa?" Wiston aliuliza. "Mtoto wa mzee?"

"Mimi nimeoa hapa."

"Na ulipitia haya yote?"

"Mimi walinipenda." Hategekimana akatupa udongo juu. "Hebu nieleze mambo ya Kahama. Huyo Jovitha anakupenda kweli?"

Wiston hajawahi kunyimwa neno. Alimweleza jinsi Jovitha anavyompikia pilau, anavyomnyooshea mashati, na jinsi alivyolala barabarani mbele ya pikipiki kumzuia asiondoke. Hategekimana alicheka mpaka akakaa chini ya shimo, akajifuta macho kwa mkono wenye udongo. "Mana yanje, Mungu wangu! Alilala barabarani? Jovitha?"

"Mbele ya gurudumu."

"Endelea, endelea. Chimba huku unaendelea."

Lakini jioni, amelala juu ya mahindi, Wiston alifikiri. Akiaga kwenda kuleta wajomba, amevunja, pikipiki inabaki. Njia ilikuwa moja tu: wamkatae wao. Na kukataliwa, alijiambia, ni kitu ambacho mtu kama mimi anapaswa kukiweza.

Kesho yake akaanza kuwa mkwe mbaya. Alimwamkia mzee "mambo". Protasi akajibu "poa", akamwongezea maharage. Alikataa kufanya kazi. Wakasema anaumwa, wakamnywesha dawa ya mizizi iliyomfanya alitumie shimo kabla halijaisha. Mwishowe akaamua kufanya lile lisilofanyika. Mchana, amevua shati, akaingia jikoni kwa kishindo.

Mama Dafroza alikuwa anapepeta mchele. Alikuwa bibi mdogo kama kuku wa kienyeji. Akamwona, akapiga yowe, akajifunika ungo kichwani, mchele ukamwagika, na yowe lile likaita Nemba nzima.

Wiston akasimama ameinua kidevu, kifua wazi, akisubiri kufukuzwa. Kikao kikakaa hapo hapo mchangani. Wazee wakaguna. Mmoja akasema hajawahi kuona. Mwingine akasema aliwahi kuona, na yule mkwe alikuwa kichaa. Mzee Protasi akainama, akafikiri muda mrefu, Wiston akaanza kunusa petroli.

"Mapenzi," akasema Protasi hatimaye. "Kijana amezidiwa na mapenzi, akili imeruka. Je, tumnyime binti kwa sababu anampenda mno? Hapana. Tunamsamehe. Lakini mila inataka asafishwe. Ataongeza urefu wa shimo lile, halafu atalijengea kuta na paa."

Wazee wakapiga makofi. Wiston akarudi shimoni.

Alikuwa humo, kichwa tu kiko usawa wa nyasi, bodaboda ilipoleta mwanamke mmoja mwenye kitenge kipya na mapacha. Mwanamke yule alishuka akipiga kelele. "Jovitha! Jovitha we! Umenenepa mwanangu, ndoa imekukubali!"

Na Mama Akimana, mfupi, mweusi, meno yamebanana kama mahindi ya gunzi, akatupa ndoo akakimbia kumkumbatia shoga yake wa utotoni.

Wiston alitazama miguu yao kutoka pale chini. Kwanza aliona aibu, maana hata mtu wa kazi yake anayo kidogo: muda wote huu alikuwa anapakuliwa maharage na mchumba wake mwenyewe. Huku kwetu mwanamke akizaa, jina lake linawekwa kabatini. Anaitwa mama wa mtoto mpaka siku ya mazishi yake. Wiston alikuwa mkwe wa nyumba nyingi hivyo na hakuwahi kukumbuka jambo hilo.

Halafu aibu ikaondoka na furaha ikampanda kutoka miguuni. Ameolewa! Binti ameolewa! Basi wao ndio waliovunja! Akajitoa shimoni kwa mikono miwili kama mfu siku ya kiyama, akapaza sauti: "Kikao! Nataka kikao! Mashahidi waitwe!"

Wakaitwa. Wakakaa. Wiston alisimama, udongo mpaka nyusi, akaongea vizuri kuliko siku zote za maisha yake. Alisema juu ya heshima. Alisema juu ya kijana yatima anayedanganywa na watu wazima (hakuwa yatima, mama yake yuko Rulenge, mzima kabisa). Alisema, "Mlipokea kishika uchumba changu mkijua binti ni mke wa mtu. Nani amevunja? Wazazi! Mila inasemaje? Kinarudi! Baba, toa pikipiki yangu."

Mashahidi wakatazamana. Mmoja akasema, "Kwa kweli hapo kijana ana hoja."

Mzee Protasi akatikisa kichwa kukubali. "Ana hoja. Sikatai. Lakini mwanangu, hebu nikumbushe: siku ulipofika, ulisema wewe na Jovitha mmekuwaje?"

"Tumekubaliana."

"Wapi?"

"Kah..." Wiston akasita.

"Kahama. Tangu mwaka jana. Mashahidi mlisikia?" Mashahidi walisikia. "Na shimoni ulimweleza Hategekimana kuhusu pilau, na mashati, na kulala barabarani. Sasa ninyi wazee mnaijua sheria ya mtu anayekula pilau la mke wa mwenzake. Ni ugoni. Ni ng'ombe, na mume ndiye anayetaja wangapi."

"Mume ni nani?" akauliza Wiston, lakini sauti ilikuwa imeshajua.

Hategekimana akasimama. Hakuharakisha. Mtu mkubwa akisimama polepole huwa haishi mapema.

"Shemeji," akasema kwa upole, "mimi ndiye. Nilikwambia nimeoa hapa."

Ng'ombe upande wa pili wa bahari akalia.

"Njia ziko mbili, mwanangu," akasema Protasi. "Kama yale ya Kahama ni kweli, binti yangu ana kosa, na wewe una kosa. Nakurudishia pikipiki sasa hivi, halafu unakaa na huyu hapa mnaongea habari za ng'ombe. Kama ni uongo, basi hakukuwa na mchumba, hakukuwa na makubaliano, ulikuja kula tu, na aliyevunja ni wewe. Chagua. Hatukulazimishi."

Wiston alimtazama Mama Akimana. Yule mama alikuwa ameziba mdomo, mabega yanatetemeka, na safari hii Wiston alielewa.

"Nilidanganya," akasema.

"Sema kwa nguvu, mzee huyu hasikii vizuri."

"Nilidanganya! Sijawahi kumwona. Kahama yenyewe nilipita kwenye basi tu."

Lilikuwa neno la kwanza la kweli alilolisema pale, na lilimgharimu kuliko yote ya uongo. Pikipiki ikabaki.

Mlango wa jikoni ukafunguka, Mama Dafroza akatoka, akanyoosha mkono. "Sasa si mkwe tena, tunaweza kuonana. Habari za siku nyingi, baba? Karibu hoteli. Vyumba vipo, ukilipa."

Wiston akacheka. Hakupenda kucheka, kicheko kilimtoka chenyewe, kama kikohozi. Akaketi mchangani, akatazama ile milango mitatu, na kitu kikamwingia akilini kikiwa kimechelewa sana.

"Theonest," akasema. "Gidioni. Minani. Hao si watoto wako."

"Hapana. Theonest alikuja na jenereta," akasema Protasi kwa heshima, kama anayetaja marehemu. "Akajenga kile cha mwisho. Gidioni friji lile, na bati zote. Minani alikuwa fundi hasa, huwezi kupata mkwe kama Minani siku hizi."

"Wote walisema mrefu, mweupe?"

"Minani alisema mimi ni mnene," akasema Mama Akimana. "Huyo sikumpenda."

Alikuwa ameshashika kopo la rangi nyeupe na brashi. Akaenda mpaka shimoni, ambako mlango wa choo ulikuwa umeegemezwa ukisubiri kuta, akaandika juu yake kwa herufi kubwa zilizonyooka: WISTON.

"Usihuzunike," akasema Protasi. "Chumbani analala mgeni mmoja mmoja. Huku wataingia wote."

Alipanda lori la mihogo mpaka Biharamulo, helmeti amekumbatia kifuani. Utingo alimuuliza pikipiki iko wapi, akajibu iko chumbani kwa mama mkwe, na utingo hakumuuliza tena.

Stendi, Petronila alikuwa palepale. Alimwona na helmeti yake, akamimina chai kabla hajaombwa.

"Umerudi, mwanangu. Hukumaliza?"

"Sikumaliza, mama."

"Protasi kanipigia simu. Mimi ni dada yake." Akaweka chapati mbili kwenye sahani, akaifunika sahani kwa kiganja. "Anasema kule wana ufunguo mmoja tu. Na pikipiki hutoka dukani na miwili."

Wiston alitazama chapati. Akainama, akavua kiatu, akatoa ufunguo kwenye soksi. Ulikuwa wa moto. Petronila aliufuta kwa kanga, akauweka kwenye kopo la sukari, akaondoa kiganja.

Alikuwa anatafuna ya kwanza pikapu ndogo iliposimama mbele ya kibao. Akashuka kijana mwenye miwani ya jua, shati limechomekewa, viatu vimeng'arishwa mpaka vinatisha kuku. Nyuma ya pikapu palikuwa na mashine ya kusukuma maji, mpya, bado imefungwa nailoni. Kijana akasoma kibao. Akavua miwani, akakisoma tena.

"Shikamoo mama. Naitwa Danstan. Huyu Jovitha ni mtu, au?"

"Ni mtu. Alikwenda Kahama kwenye biashara," akasema Petronila. Macho yake yalikuwa kwenye mashine.

Kijana akamgeukia Wiston, mjanja kwa mjanja, akakonyeza. "Eti kaka, wewe unamjua?"

Wiston aliacha kutafuna. Alifikiria lile shimo, mahindi shingoni, na gia ya tatu. Alifikiria pia kwamba choo chake kiko mbali sana na maji, na kwamba mtu akileta pampu, jina lake lile la mlangoni litawekewa bomba.

"Namjua," akasema. "Mrefu, mweupe, ana mwanya. Akicheka anaziba mdomo."

Petronila akamwongezea chapati ya tatu.